Musa katika nchi ya wachawi

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi huku Tanga, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya ya fantasia. Nimechukua kisa cha Musa na Firauni nikakipeleka kwenye nchi ya kubuni ambako uchawi ni jambo la kila siku: watoto wanawasha moto kwa kidole, wavuvi wanauita upepo. Nabii wangu, ambaye nimembadilisha jina, anakuja kuwakomboa watumwa. Mama aliposikia alisema nachezea dini. Rafiki yangu aliyesoma sura 10 za mwanzo akaniambia jambo lililoniuma zaidi, kwamba mtu wangu haonekani kuwa nabii, anaonekana mchawi mwenye nguvu kuliko wachawi wenzake. Nimekuambatishia sura hizo. Je, niache? Na nisipoacha, nirekebishe wapi?

Marahaba, mwanangu. Nianze na rafiki yako. Mama nitamrudia, kwa kuwa hoja yake ni nzito zaidi na haifai kujibiwa mbio mbio.

Rafiki yako amegonga penyewe. Umeijaza nchi yako watu wanaowasha moto kwa kidole, kisha unamleta mchungaji anayekutana na kijiti kinachowaka bila kuteketea, na unataka avue viatu. Avue kwa nini? Katika nchi hiyo angepita zake akinong'ona kwamba kuna mtoto mtundu amejificha nyuma ya mwamba. Muujiza wako umefika mjini ukakuta moto umeshajaa.

Waandishi wengi wakifikia hapo hukimbilia kuongeza ukubwa. Jirani akiwasha kidole, nabii atawasha mlima. Niliwahi kuhariri mswada ambao shujaa wake alipasua mlima kwenye ukurasa wa 40. Alipofika ukurasa wa 200 hakuwa na cha kupasua isipokuwa mbingu, akaipasua, na mimi nikawa napiga miayo. Kijana aliyeuandika alikuwa na kipaji kuliko wengi niliowahi kuwashika mkono. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba nguvu ikishindana na nguvu huo ni mnada tu, anashinda anayetaja kiasi kikubwa. Na lawama ni yangu, maana mswada ulinifikia ukiwa na sura 3 nami nikamwambia endelea.

Cha ajabu ni kwamba kati ya visa vyote vya dini umechagua kile ambacho tayari kimo ndani ya nchi ya wachawi. Hukuhitaji kukihamisha ili upate uchawi. Misri ya Firauni ilikuwa nao tele, na Biblia na Kurani zote mbili zinalisema hilo bila kusitasita.

Soma tena kitabu cha Kutoka kuanzia sura ya 7, lakini safari hii kisome kama msomaji wa riwaya. Haruni anatupa fimbo chini, inakuwa nyoka. Farao anawaita watu wake, ambao Biblia tuliyoizoea inawaita waganga, nao wanatupa zao, zinakuwa nyoka vilevile. Fimbo ya Haruni inazimeza, lakini moyo wa Farao hautikisiki. Kwake hiyo ni tofauti ya kiasi tu. Maji yanageuka damu, na waganga nao wanageuza maji kuwa damu. Kisha wanakuja vyura.

Kwenye vyura mimi husimama kila mara. Nchi imejaa vyura: wako vitandani, wako ndani ya tanuri, wako kwenye vyombo vya kukandia unga. Waganga wa mfalme wanaingia kuonyesha uwezo wao. Wanafanya nini? Wanaleta vyura wengine! Ni kama fundi aliyeitwa kwenye bati linalovuja, akathibitisha ufundi wake kwa kutoboa tundu la pili. Farao mwenyewe inambidi amwite Musa ili vyura waondolewe, kwa sababu watu wake wanajua kuongeza, kuondoa hawajui. Sijui kama mwandishi yeyote wa vichekesho amewahi kuwatania wataalamu wa serikali vizuri kuliko hapo.

Likaja pigo la chawa, na waganga wakakwama. Wao ndio wanaomwambia mfalme kwamba hiki ni chanda cha Mungu. Angalia anayesema: si Waisraeli, si wapita njia, ni mafundi wa kazi yenyewe. Mara ya mwisho tunapowaona, katika sura ya 9, wana majipu mwilini na hawawezi hata kusimama mbele ya Musa. Baada ya hapo wanatoweka bila kuagwa.

Kurani inawatazama watu hao hao kwa karibu zaidi, na hapa ndipo penye riwaya yako. Miadi inawekwa siku ya sikukuu, watu wakusanyike jua likiwa limeshapanda. Wachawi wamezolewa kutoka mijini. Wakifika mbele ya Firauni, jambo la kwanza wanalouliza ni je, tukishinda tutalipwa? Mtalipwa, anawaambia, tena mtakuwa watu wangu wa karibu. Wanatupa kamba na fimbo zao, macho ya watu yanazugwa, na Musa mwenyewe anahisi hofu moyoni. Baadhi ya wafasiri wa zamani walieleza kwamba kamba zile zilitiwa zebaki, ile metali ya majimaji, jua lilipopata nguvu zikaanza kujikunja. Hebu fikiria zawadi uliyopewa hapo: saa ya miadi, yaani jua la asubuhi kuelekea mchana, ni sehemu ya kiinimacho chenyewe.

Musa anatupa fimbo yake, inameza vyote walivyovibuni. Wachawi wanaanguka kusujudu. Firauni anawauliza mnamwamini kabla sijawapa ruhusa? Atawakata mikono na miguu kwa kupishana, atawatundika kwenye vigogo vya mitende. Nao wanamjibu ahukumu atakavyo, kwani hukumu yake inaishia kwenye maisha haya ya dunia. Asubuhi walikuwa wanapatana ujira. Kabla ya adhuhuri wamekubali kufa.

Kwa nini wao? Kwa sababu umati hauwezi kutofautisha. Kwa mtu wa umati, nyoka aliyekula kamba ni mchezo mzuri kuliko mchezo wa kamba, atapiga makofi na kurudi nyumbani kusimulia. Aliyeijaza kamba kwa mikono yake ndiye peke yake anayejua kwamba ndani yake hamkuwa na nyoka, na kwamba katika ufundi wake wote hamna kitu kinachokula. Anaufahamu uchawi mpaka ukingoni, kwa hiyo anatambua mara moja ukingo ukivukwa.

Basi kosa la riwaya yako si wingi wa uchawi. Umemweka msomaji ndani ya kichwa cha nabii, na ukiwa ndani ya kichwa cha mwenye nguvu, kila nguvu ni misuli tu. Mtoe humo. Mweke ndani ya kichwa cha mzugaji mmoja wa ikulu, mzee, mwenye njaa ya ujira. Kitu cha namna hii, nimekiandika upesi tu ili unielewe:

Mzee alizijaza kamba zake tangu alfajiri, 22, moja baada ya nyingine, akiziba ncha kwa nta. Akazilaza mchangani upande wa mashariki. Kijana wake alitaka waanze. "Bado," akamwambia, "hazijapata joto." Zilipoanza kujikunja umati ukapiga ukelele, na mzee hakuziangalia kamba, aliangalia nyuso za watu, kama alivyofundishwa. Ndipo yule mchungaji akatupa fimbo. Mzee alitazama kivuli kwanza, maana macho huzugwa, kivuli hakizugwi. Kivuli kilikuwa kinapumua. Nyoka alipita juu ya kamba ya kwanza, na kamba haikuwepo tena. Mzee akainama kutafuta nta, tone la zebaki, uzi, chochote. Mchanga ulikuwa mkavu. Akahisi magoti yakitangulia chini kabla yeye hajaamua.

Umeona hakuna mlima uliopasuka. Kuna nyoka mmoja na mzee anayetafuta nta.

Utaniuliza, na bahari je? Hapo ndipo ninapotaka kukuonyesha kitu ambacho pengine hukijui. Kuna gombo la mafunjo huko Berlin, linaitwa Westcar kwa jina la Mwingereza aliyekuwa nalo karne ya 19, na lina umri wa zaidi ya miaka 3,500. Limeandikwa hadithi za wachawi wa Misri wanaotumbuiza ikulu. Katika mojawapo, mfalme Sneferu, baba wa yule Khufu wa piramidi kubwa, amechoshwa na maisha. Anashauriwa akatembee ziwani kwa mashua, apigiwe kasia na wanawake 20 wazuri waliovalishwa nyavu badala ya nguo. Mfalme anaburudika. Ghafla kiongozi wa wapiga kasia wa upande mmoja ananyamaza, na upande wake wote unaacha kupiga. Kidani chake cha feruzi chenye umbo la samaki kimeanguka majini. Mfalme anamwambia nitakupa kingine. Anakataa, anataka chake. Anaitwa kuhani mchawi, Djadjaemankh, naye anasema maneno yake, analiinua nusu ya ziwa na kulilaza juu ya nusu nyingine. Maji yaliyokuwa na kina cha dhiraa 12 yanakuwa 24. Kidani kinaonekana kimelala juu ya kigae. Anakichukua, anamrudishia mwenyewe, anayarudisha maji mahali pake. Siku inaendelea kwa furaha.

Katika gombo hilo hilo yumo mchawi mwingine anayefinyanga mamba wa nta, urefu wake vidole 7. Akitupwa majini anakuwa mamba wa kweli wa dhiraa 7. Mchawi akiinama na kumshika, anarudi kuwa nta mkononi mwake. Linganisha na fimbo inayokuwa nyoka, na inayorudi kuwa fimbo Musa anapoikamata mkia.

Sisemi kwamba kisa kimoja kimezaliwa na kingine. Ninachokuambia ni hewa waliyokuwa wakivuta watu wa nchi ile. Kwa mchawi wa ikulu aliyekulia kwenye hadithi kama hizo, maji kugawanyika si jambo ambalo halijawahi kusikika. Yaliwahi kufunguka, na yalifunguka kwa ajili ya kidani cha mpiga kasia, ili mfalme asikatishiwe burudani. Ukimsimamisha mchawi huyo ukingoni mwa bahari usiku ule, hatasema hili haliwezekani. Atauliza: nani ameagiza? Na jibu litamvunja miguu, kwa sababu ukingo wa pili wanaonekana watumwa, na watoto wao, na bakuli zao za kukandia unga mabegani.

Hapo ndipo pa kuweka mpaka kati ya muujiza na uchawi katika nchi yako. Usiuweke kwenye ukubwa, uweke kwenye swali la nani anatumikiwa na nani analipa gharama. Wavuvi wako wanauita upepo. Vizuri. Upepo huo umeondolewa kwenye tanga la nani? Watoto wako wanawasha moto kwa kidole. Joto hilo linatoka wapi, na kwa nini watoto wa watumwa mikono yao ni ya baridi kila asubuhi? Ukishajibu hivyo, nabii hahitaji kufanya kitu kikubwa. Inatosha afanye kitu kidogo ambacho hakimgharimu mnyonge yeyote, na kila mchawi aliye karibu atageuza shingo.

Yuko mwandishi wa Kimarekani aliyelifanya hili akiwa na kisa cha dini yake mwenyewe, na ni vizuri uone alivyokwepa mtego wako. Orson Scott Card ni Mmormoni. Riwaya yake Seventh Son, ya mwaka 1987, inachukua vipande vya maisha ya Joseph Smith, mwanzilishi wa dini hiyo aliyezaliwa 1805, na kuvipanda kwenye Marekani ya walowezi ambako karibu kila mtu ana kipaji chake. Mmoja anajua maji yalipo chini ya ardhi, mwingine ana mkono wa moto. Vipaji ni vidogo, kila kimoja na kazi yake, kama ufundi wa useremala. Ndani ya nchi hiyo anazaliwa mtoto, Alvin, mwana wa saba wa mwana wa saba. Kipaji chake ni cha namna nyingine kabisa, lakini mwandishi hakionyeshi kwanza kwa radi. Anakionyesha kwa mende.

Dada zake Alvin wamemuudhi. Anawaambia mende, kwa namna yake ya kuzungumza nao, kwamba chumba cha dada zake kina chakula. Mende wanamwamini. Wanakwenda kwa mamia, na dada wanawaponda. Kijana anacheka, kisha usiku ule anajiwa na mtu anayeng'aa, na anaonyeshwa alichokifanya kutoka upande wa mende. Tangu hapo anaapa kutotumia uwezo wake kwa faida yake mwenyewe. Kiapo hicho ndicho kinachomtenga na wenye vipaji wote walio jirani naye, na kinabeba uzito wa vitabu vinavyofuata. Sipendi kila kitu katika mfululizo ule, vitabu vya baadaye vinaburuta miguu. Ila ile sura ya mende naisoma kila mwaka.

C. S. Lewis, mwandishi wa Uingereza, naye utamsikia akitajwa, kwa sababu ya simba wake wa Narnia, nchi ya kubuni, katika vitabu 7 vilivyotoka kati ya 1950 na 1956. Watu humwita mtunzi wa mafumbo. Yeye alikataa. Wanafunzi wa Marekani walimwandikia mwaka 1954, akawajibu kwamba hakukaa akasema nimwakilishe Yesu kwa simba, bali alisema tuseme ipo nchi kama ile, na tuseme Mwana wa Mungu alikwenda huko akawa simba kama alivyokuwa mtu huku, kungetokea nini? Tofauti ni ndogo kuisikia, kubwa kuifanyia kazi. Fumbo linakutaka kila kitu kilingane na mwenzake katika kisa cha awali. Hiyo "tuseme" inakuachia nchi yako iwe na mambo yake yenyewe. Nahisi wewe umeandika fumbo huku ukidhani unaandika "tuseme", ndiyo maana yule uliyemweka badala ya Haruni kwenye mswada wako hana la kufanya isipokuwa kusimama pale alipotakiwa kusimama.

Sasa mama.

Usimjibu kwamba hii ni hadithi tu. Lugha yetu inaliita neno la Mtume hadithi, na ya sungura na fisi nayo hadithi, kwa hiyo jibu hilo kwake halina maana na huenda likamkera zaidi. Mimi si shekhe wala padri, na kama unataka hukumu ya kidini nenda kwa mwenye elimu hiyo. Nitakuambia tu ninayoyajua kwa kuwa kazi yangu ni maandishi.

Kwanza, pwani hii imesimulia upya visa vya dini kwa karne nyingi, na waliosimulia walikuwa wacha Mungu. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Chuo cha Herekali, ambacho wengine wanakiita Utenzi wa Tambuka. Anasimulia vita vikali baina ya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi, panga kwa panga, beti kwa mamia. Historia inasimulia kwamba msafara wa Mtume kwenda Tabuki, ndiyo hiyo Tambuka, mwaka 630 haukukutana na jeshi la Warumi hata kidogo. Bwana Mwengo aliijaza nafasi ile kwa ubunifu, akaifungua kazi yake kwa kumtaja Mungu, na sijasikia aliyemwita mzushi. Utenzi wa Rasi l'Ghuli una beti zaidi ya 4,000, na hata hilo jina lenyewe maana yake ni kichwa cha zimwi. Muulize mama kama bibi yake hakuwahi kusimuliwa vita vya Ali na majini. Atacheka, nakuhakikishia.

Lakini tazama walichokigusa na walichokiacha. Waliongeza urefu wa mapanga na idadi ya majini. Hawakuugusa ujumbe, na hawakuingia moyoni mwa Mtume kumtungia shaka au tamaa asizokuwa nazo. Filamu ya The Message ya Moustapha Akkad, mwaka 1976, ilifuata mpaka huo huo kwa mbinu ya kamera: Mtume haonekani wala hasikiki, kamera inakaa mahali pake, na wahusika wanazungumza nayo.

Pili, jina ulilolibadilisha halimfichi mtu. Naguib Mahfouz, mwandishi wa Misri, alichapisha riwaya yake ya Watoto wa Mtaa Wetu kwa vipande katika gazeti la Al-Ahram mwaka 1959. Aliwapa mitume majina mengine, Jabal, Rifaa, Qasim, akawapandisha kwenye kichochoro cha Kairo, na wa mwisho akawa mchawi, Arafa, aliyesimama badala ya sayansi. Kila msomaji alimtambua kila mtu siku ya kwanza. Kitabu kilikataliwa kwao, kikatoka Beirut mwaka 1967. Mwaka 1994, akiwa mzee wa miaka 82 mwenye Tuzo ya Nobel, kijana alimchoma kisu shingoni mbele ya nyumba yake, na mkono wake wa kuandikia haukurudi kuwa kama zamani. Sikuambii hivyo kukutisha. Nataka tu uache kujidanganya kwamba jina la kubuni ni kinga.

Kinga yako iko kule kule nilikokuambia kwa rafiki yako, nami naona raha mashtaka mawili yanapojibiwa na kitu kimoja. Nabii asiwe mhusika mkuu. Awe mtu anayeonekana kwa mbali, mwenye maneno machache, na macho ya riwaya yawe ya wazugaji wa Firauni, ambao vitabu havikuwapa majina. Kwenye mapokeo ya Kikristo walikuja kupewa mawili: Paulo, akimwandikia Timotheo, anawataja Yane na Yambre kana kwamba kila mtu anawajua. Maana yake hata watu wa zamani waliona watu wale wanahitaji kusimuliwa. Wana ujira, wana wake, wana mabosi, wanaweza kupenda na kuogopa bila mtu yeyote kukuuliza umetoa wapi.

Wasomaji wako Wakristo huenda wakakuachia zaidi ya hapo, maana Musa wa Kutoka anabishana na Mungu, analalamika kwamba mdomo wake ni mzito, na alishaua Mmisri akamfukia mchangani. Tanga ina nyumba zote mbili, mara nyingi ukuta mmoja. Amua unaandika ukiwa umekaa kwenye baraza ya nani, kisha usihamehame.

Limebaki neno moja, nalo ni "mchawi". Umelitumia kila ukurasa. Kwa Mwingereza anayesoma hadithi ya kubuni neno hilo limepoa, ni kofia ndefu na ufagio. Kwetu lina moto. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, Tanganyika ikapata yake 1928, na Usukumani bibi vizee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa jikoni. Huwezi kulimwaga neno hilo kama chumvi. Kiswahili kimekupa mengine, tena mazuri: mzugaji, mganga, fundi, mpunga pepo, mwenye kago, mwandika kombe. Mvuvi wako anayeuita upepo mwite mwita upepo. Hilo la mchawi liweke akiba, umpe mtu mmoja tu alitamke. Unamjua. Kwenye Kurani, Musa akishaonyesha ishara zake, wakubwa wa ikulu wanasema huyu ni mchawi mjuzi, na wazugaji wanaposujudu, Firauni anasema basi huyo ndiye mkubwa wenu aliyewafundisha uchawi. Lilikuwa neno lake la kumtupia yeyote asiyemwomba ruhusa. Mwachie yeye.

Kwa hiyo usiache. Zile sura 10 ziweke kabatini, usizichome, utahitaji ramani na majina ya miji. Andika sura moja ya siku ya sikukuu, tangu alfajiri hadi adhuhuri, mzee na kamba zake. Kabla hujanitumia msomee mama kwa sauti, jioni, akiwa hana kazi mkononi, na usimwambie mwanzoni ni kisa cha nani. Atamtambua tu fimbo itakapoanguka chini. Unitumie sura hiyo pamoja na neno atakalolisema hapo.